Gemu za kupigana zilizopuuzwa: ipi ina kitu ambacho zile kubwa hazina?

pedi_mbili

Wakuu, habari za humu ndani.

Nawaomba wanaozijua gemu za kupigana kwa undani. Street Fighter, Tekken na Mortal Kombat hazihitaji mpiga debe. Natafuta zile zilizopita kimyakimya, ambazo mafundi huziheshimu lakini ukizitaja mbele ya watu kumi, tisa wanakukodolea macho.

Hali ilivyo: wachezaji wawili, pedi mbili, kompyuta ya kawaida isiyo na kadi kubwa ya picha. Kuna siku tunacheza chumba kimoja, kuna siku kila mtu yuko kwake tunatumia intaneti.

Tafadhali msinimwagie majina thelathini. Mtu ataje gemu moja au mbili, aseme ina mfumo gani usiopatikana kwingine, saa ya kwanza tufanye mazoezi ya nini, na wageni huharibia wapi.

---

kinga_nyuma

Mkuu, anzeni na Garou: Mark of the Wolves. SNK waliitoa 1999 kwenye mashine ya Neo Geo, mwaka uleule wa Street Fighter III: 3rd Strike, na wakati huo macho ya wengi yalikuwa yameshahamia kwenye 3D. Ikazikwa ikiwa hai. Ina wahusika 14 tu, na kompyuta yoyote iliyo hai itaiendesha.

Mchoro usikuteke ukasahau kinachoibeba, nacho ni Just Defend. Kwenye 3rd Strike ukitaka kulipangua pigo unasukuma mbele, kwa hiyo ukikosea umesimama wazi. Kwenye Garou unavuta nyuma, upande uleule wa kukinga, pale pigo linapokaribia kugusa mwili. Ukiwahi sana unapata kinga ya kawaida. Ukichelewa umepigwa. Ukipatia, laifu inaongezeka kidogo, unatoka kwenye kinga mapema kuliko kawaida, na unaweza kujibu kwa mbinu maalumu papo hapo. Hilo la mwisho ndilo linalobadilisha mchezo mzima, maana mtu akikupigia kombo ya mapigo matatu kwenye kinga, pigo la pili linaweza kuwa kosa lake.

Nitaandika kwa namba za kibodi: 5 ni kuacha kijiti katikati, 6 mbele, 4 nyuma, 2 chini, 8 juu, mhusika akitazama kulia. A ngumi ndogo, B teke dogo, C ngumi kubwa, D teke kubwa.

Kwa kuwa mko wawili, hamhitaji hata modi ya mazoezi. Mmoja apige C akiwa amesimama, kwa nyakati zisizotabirika. Mwingine aache kijiti kwenye 5 na aguse 4 mara moja tu ngumi inapofika. Asishikilie. Akipatia kumi mfululizo, hamieni kwenye mapigo ya chini, ambayo hupanguliwa kwa 1 (chini-nyuma) badala ya 4. Kisha mapigo ya kuruka. Kisha changanyeni yote matatu, hapo ndipo mtaona kazi ilipo. Mbinu inayogonga mara nyingi inadai mguso mpya kwa kila pigo, na baina yake kijiti lazima kirudi 5.

Wageni huharibia hapa: wanaguseguse 4 kama mtu anayebisha hodi. Kila wakigusa 4 wamesimama wima, kwa hiyo teke la chini linapita moja kwa moja. Soma kwanza pigo linakuja juu au chini, ndipo uguse.

Pili ni T.O.P. Kabla ya pambano unachagua sehemu ya mstari wa laifu: mwanzo, katikati au mwisho. Laifu yako ikiwa ndani ya sehemu hiyo, mapigo yako yanauma zaidi, laifu inarudi polepole, na unapata pigo la ziada kwa C+D. Ukiiweka mwanzo, unaanza raundi ukiwa nayo tayari, inamfaa mtu wa kuvamia. Ukiiweka mwisho, ni akiba ya kugeuza mchezo. Ushauri wangu kwa anayejifunza ni mwisho, kwa sababu mwanzoni atakuwa anapigwa sana, basi angalau afike huko akiwa na silaha.

Tatu ni danganya toto. Bofya 6 pamoja na A+C, au 2 pamoja na A+C: mhusika anaanza ishara ya mbinu yake halafu anaiacha. Kumtisha mpinzani ni matumizi ya juujuu tu. Pigo lako likishagonga, ukabofya danganya toto mara moja, ule muda wa kurudisha mkono unafutika, na unaweza kuunganisha pigo jingine ambalo kwa kawaida lisingefika. Kombo kubwa za gemu hii zinapita hapo. Mbinu chache pia zina breki: Terry akitoa Power Dunk (623, yaani mbele, chini, kisha chini-mbele, pamoja na B au D), ukibofya A+B mwanzoni mwake anaikatisha na kutua mapema, kombo inaendelea. Si kila mbinu ina breki, angalieni orodha ya kila mhusika.

---

duara_la_pili

Garou ni kweli, sina ubishi. Ila mtu aliyezoea gemu za sasa atachoka na ule ukali wa muda kwenye kombo. Mimi natetea Under Night In-Birth II Sys:Celes. Jina hilo limefukuza watu wengi kuliko ugumu wake. Mfululizo ulianza kwenye mashine za ukumbini 2012, kazi ya French-Bread, na hili la pili limetoka Januari 2024, safari hii likiwa na rolibaki. Ni 2D, halihitaji kadi kubwa.

Usichokipata kwingine ni GRD. Chini ya skrini katikati kuna duara linalojaa kama saa, na kila upande kuna vijumba vinavyowaka. Fikiria kuvuta kamba. Ukisogea mbele, ukigonga, ukikinga vizuri, vijumba vyako vinaongezeka. Ukirudi nyuma au ukipigwa, vinapungua. Duara likikamilika, mwenye vijumba vingi anapata hali ya Vorpal: mapigo yake yanaongezeka nguvu kwa asilimia 10 na anapewa Chain Shift. Hiyo unaitoa kwa kubofya D mara mbili (D ya hapa ni kitufe cha nne, si teke kubwa la Garou): skrini inaganda kidogo, pigo ulilokuwa unalitoa linakatishwa, na GRD yako inageuzwa kuwa mita ya mbinu kubwa. Halafu duara linaanza upya.

Maana yake kimchezo ni kwamba kila baada ya sekunde kumi na kitu kuna fainali ndogo. Aliyezoea kukimbia uwanja mzima akirusha moto hapa anakatwa kodi: kila hatua ya nyuma inamlisha mpinzani. Gemu nyingine zinamwambia mtazamaji "huyu mwoga", hii inamtoza.

Saa ya kwanza chezeni bila kujali kombo. Kazi iwe moja: duara likibakiza kama robo, angalia nani anaongoza vijumba. Unaongoza? Tulia, kinga, usitoe pigo la kubahatisha. Uko nyuma? Lazima uguse kitu kabla halijafunga. Kushikilia D kunaongeza vijumba, lakini umesimama kama mlingoti, basi fanya hivyo mpinzani akiwa chini au mbali sana.

Kosa kubwa ni ngao. Ukikinga na kubofya D unapata ngao inayoongeza GRD, kwa hiyo mgeni anaigeuza tabia, kila pigo ngao. Dawa yake ni mwereka. Ukipigwa mwereka ukiwa kwenye ngao, GRD yako inavunjika na mzunguko huo umeshaharibika kwako. Mpinzani akishakuona una tabia hiyo, atakuja mkono mtupu na kukuangusha.

Kombo zenyewe ni za huruma. Kwa kawaida mapigo huunganishwa kutoka dogo kwenda kubwa, hapa unaweza kwenda utakavyo, kubwa kisha dogo, mradi pigo halirudiwi. Anza na Hyde, ana moto wa mbele na pigo la kupanda, utamwelewa ndani ya dakika kumi. Na pitieni mafunzo yaliyomo ndani ya gemu, ni marefu na yamepangwa vizuri. Mengi niliyoandika hapa yanaonyeshwa kwa vitendo.

---

pedi_mbili

Asanteni sana, hizi ni shule.

Swali la intaneti. Pingi kati yetu inacheza kwenye 95 hivi, halafu saa nyingine inaruka hadi 160 na kurudi. Tukicheza gemu za zamani picha inakuwa kama inaruka vipande, au mbinu zinachelewa kutoka. Kuna cha kurekebisha au ndiyo hali yenyewe? Na hiyo rolibaki ni nini hasa?

---

fremu16

Hapa tuhesabu kidogo, maana watu wengi wanalaumu gemu kwa kosa la mpangilio.

Gemu hizi zinakwenda fremu 60, yaani picha 60 zinazofuatana, kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni milisekunde 16.7. Pingi ya 95 ni milisekunde za taarifa kwenda kwa mwenzako na kurudi. Kwenda tu ni kama 48, yaani fremu tatu. Kila unachobofya, mwenzako anakipata fremu tatu baadaye. Hakuna programu ya kufuta hilo. Tofauti ni jinsi gemu inavyoficha.

Mtindo wa zamani ni kusubiri. Gemu haisogei hadi bofyo za wote wawili zifike. Ndiyo maana mbinu zinachelewa, na pingi ikiruka hadi 160 mchezo unaganda.

Rolibaki haisubiri. Inatoa bofyo lako papo hapo au kwa kuchelewesha kidogo, na upande wa mwenzako inakisia: alichokuwa ameshika fremu iliyopita ndicho anachoendelea kushika. Mara nyingi ni kweli, kwa sababu mtu akitembea mbele anashika mbele kwa fremu nyingi. Taarifa halisi ikifika na kukuta kisio kilikosea, gemu inarudi kwenye fremu ile, inarekebisha, na kukokotoa upya hadi sasa, yote ndani ya fremu moja. Wewe unaona tu pigo la mwenzako limeanzia katikati badala ya mwanzo. GGPO, programu ya Tony Cannon, ndiyo iliyoueneza mtindo huu, na tangu 2019 msimbo wake uko huru kwa yeyote.

Sasa mpangilio. Panapokuwa na chaguo la kuchelewesha bofyo, kwa pingi yenu wekeni 2. Fremu tatu za safari toa mbili, inabaki moja ya kurudishwa, jicho halitaiona. Mkiweka 0, kila pigo la mwenzako litakosa fremu tatu za mwanzo na mapigo ya haraka yatatokea kama muujiza. Mkiweka 4, hakuna kinachorukaruka ila mikono itahisi mizito. Mbili ikishindikana, tatu. Muhimu zaidi: msibadilishe kila siku, kwa sababu muda wa kombo unakaa kwenye vidole na kila mabadiliko yanauvuruga.

Huko kuruka 95 hadi 160 ndiko kunakowaumiza, kuliko ile 95 yenyewe. Pingi ya 120 iliyotulia inachezeka kuliko 70 inayorukaruka. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni Wi-Fi. Tumieni waya kutoka kwenye ruta, pande zote mbili. Mmoja akibaki Wi-Fi wote mnaumia. Zimeni masasisho na upakuaji wa vitu vingine kwenye nyumba nzima, simu zikiwemo.

Kama waya upo na bado inaruka, tazama kompyuta. Rolibaki ya fremu tatu maana yake mashine ikokotoe fremu nne ndani ya milisekunde 16.7. Ikishindwa, gemu inapunguza kasi upande mmoja, na cha ajabu anayeona picha zikiruka ni yule mwenye mashine nzuri, kwa sababu yeye yuko mbele ya mwenzake na kisio chake kinakosea zaidi. Punguzeni ukubwa wa picha na mapambo kwenye mashine dhaifu kwanza.

Kwa gemu za zamani kama Garou kuna Fightcade, programu ya kuzicheza mtandaoni, ambayo inatumia GGPO. Faili la gemu lazima uwe nalo mwenyewe kwa njia halali.

Moja la mwisho ambalo watu hawalijui. Neo Geo haikuwa inakwenda fremu 60 kamili, ilikuwa kama 59.19. Skrini yako ni 60. Emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani) ikiifuata skrini, gemu inakimbia haraka kwa zaidi ya asilimia moja hivi. Ikiifuata mashine ya asili, kila baada ya sekunde 1.2 hivi fremu moja inarudiwa na unaona mshtuko mdogo. Wala si mtandao. Skrini yenye kasi inayobadilika inalimaliza. Na mkitumia runinga, washeni modi yake ya gemu, bila hiyo inapitisha picha kwenye mapambo yake na kuwaongezea fremu za kuchelewa mnazodhani ni za intaneti.

---

mzee_wa_kona

Nyie mmemjaza kijana hesabu. Siku wakiwa chumba kimoja wacheze Bushido Blade, PlayStation ya kwanza, 1997, Square. Hakuna mstari wa laifu, hakuna saa. Upanga ukiingia pahali pake, mtu amekufa, pigo moja. Ukiingia mguuni, anapiga goti na kuendelea kupigana akiwa chini. Silaha ziko nane, kuanzia katana na nodachi hadi upanga mwembamba wa kuchomea na nyundo kubwa, na mikao mitatu: juu, kati, chini.

Mgeni anaingia akizungusha upanga kama mwenye kufukuza nyuki. Anakufa. Siri ni umbali: mwache apige hewa, kisha wakati silaha yake bado inarudi, ingia. Nyundo na nodachi zinarudi polepole, hapo una nafasi ya kutosha. Upanga mwembamba unarudi haraka, usimkimbilie. Na kwenye modi ya hadithi kuna miiko: ukimpiga mtu mgongoni au akiwa anainama kusalimia, safari yako inakatwa. Gemu haikuambii mapema, watu wanadhani diski mbovu.

Jingine ni Kizuna Encounter, Neo Geo, 1996. Wawili kwa wawili, lakini kubadilishana kunaruhusiwa ukiwa kwenye eneo lako tu, mwisho wa uwanja upande wako. Na mmoja wenu akiishiwa laifu, timu nzima imeshindwa hata kama mwingine hajaguswa. Gemu zote zimekufundisha umsukumie mtu kona. Hapa ukimsukumia kona umempeleka mlangoni kwake, anatoka, anaingia mwenzake mzima. Mtu aliyejeruhiwa anatakiwa azuiwe katikati ya uwanja. Chezeni mapambano matano ya kwanza kwa lengo hilo moja, mtaona ubongo unavyokataa.

Tobal 2 nayo, 1997, ilibaki Japani. Inakwenda fremu 60 kwenye PlayStation ile ile ya zamani kwa sababu walichora miili ya rangi tupu, karibu bila ngozi za picha. Wahusika 200, wengi wao ni mazimwi ya kunaswa kwenye modi ya Quest. Vitufe vitatu vya kupiga ni juu, kati na chini, basi, hauhesabu ngumi na teke.

---

kucha_saba

Ajabu hakuna aliyeitaja Vampire Savior ya Capcom, 1997. Iko ndani ya Capcom Fighting Collection ya 2022, na humo ina rolibaki, kwa hiyo habari ya emuleta hamna.

Hakuna raundi za kuanza upya. Ukiishiwa mstari wa kwanza unaanguka, unainuka na mstari wa pili, mwenzako anaendelea na laifu aliyobaki nayo. Sehemu ya maumivu unayopata ni nyeupe na inarudi yenyewe kama hupigwi tena. Ukimgonga mtu kisha ukakaa kumtazama, umemlisha.

Kila mhusika anakimbia kwa namna yake, na hilo ndilo somo la saa ya kwanza. Morrigan akikimbia anapaa kwa upinde na anaweza kupiga akishuka. Sasquatch anachupa kidogo karibu na ardhi. Demitri anapotea na kutokea upande wa pili. Chagua mmoja, ukimbie naye tu dakika 20, upige pigo moja mwishoni mwa kila mkimbio. Kombo ni dogo, kati, kubwa, hazina shida.

Kinachowashinda watu ni kusukuma adui ukiwa unakinga. Unatakiwa ubofye vitufe mfululizo, haraka, wakati unakinga: sita ndani ya muda ule mfupi ni uhakika, pungufu ya hapo ni bahati nasibu. Usibofye kitufe kimoja mara sita. Pitisha vidole juu ya vitufe vyote sita kama unavyopitisha mkono kwenye vinanda, kimoja baada ya kingine. Ukianza kabla pigo halijagusa kinga, bofyo la kwanza linakuwa shambulio lako na umekatwa.

---

kinga_nyuma

Hapo nakubali ni gemu kubwa, ila kwa wageni wawili ni mlima. Yule anayejifunza haraka atamnyang'anya mwenzake hamu ndani ya siku mbili. Kasi yake haimpi mtu nafasi ya kuelewa amepigwa na nini.

Kwa tofauti kubwa ya uwezo ningewapa Fantasy Strike kwanza. Hakuna kuchuchumaa, hakuna mbinu za kuzungusha kijiti, kila kitu ni kitufe kimoja. Na kujinasua kwenye mwereka ni kuachia kila kitu: mikono ikiwa haijagusa chochote wakati anakushika, yeye ndiye anayeumia. Kukinga kunakuangusha kwenye mwereka, kuachia kunakuacha wazi kwa pigo. Usomaji wa mawazo umebaki, vidole vimepumzishwa.

---

duara_la_pili

Na aliyeshiba usomaji wa mawazo aende Virtua Fighter 5 R.E.V.O., iko Steam tangu Januari 2025. Vitufe vitatu: ngumi, teke, kinga. Watu wanaiita kavu kwa sababu haina mita wala supa, zile mbinu kubwa za kulipia mita. Ukavu huo ndio unaoonyesha mifupa ya mchezo: pigo la kati linavunja aliyechuchumaa, mwereka unamwangusha aliyesimama akikinga, kuchuchumaa kunapisha mwereka juu ya kichwa. Pigo lako likikingwa na uko nyuma kwa fremu, yaani mwenzako anawahi kutenda kabla yako, basi uko kwenye mtihani huo, na kubofya tena pigo ndilo jibu baya kuliko yote. Hilo tu likikuingia kichwani, umeshawapita wachezaji wengi wa gemu nyingine.

Ila hii itadai kadi ya picha kidogo. Jaribuni kwanza kwenye ile mashine dhaifu.

---

pedi_mbili

Nimechagua: Garou kwa intaneti, Kizuna tukiwa chumba kimoja, na UNI2 (ile Under Night) baadaye. Tatizo dogo limejitokeza kwenye Garou. A+C ya danganya toto haitoki. Mara inatoka A peke yake, mara C. Pedi ni za kawaida zenye vitufe vinne mbele na vinne juu.

---

fremu16

Kidole gumba kimoja hakitafunika A na C kwa wakati mmoja kama umevipanga mbali. Hata ukitumia viwili, tofauti ya fremu moja baina yao inatosha kwa gemu kuchukua kile kilichotangulia.

Fungua mpangilio wa vitufe kwenye emuleta. Weka A kwenye kitufe cha kushoto, C cha juu, B cha chini, D cha kulia. Kisha vile vya juu ya pedi vipe kazi ya pamoja: cha kulia cha kwanza A+C, cha kulia cha pili A+B, cha kushoto cha kwanza C+D kwa ajili ya T.O.P. Orodha ya vitufe ina sehemu ya michanganyiko, tafuta humo humo. Vichocheo vinavyozama kama breki ya gari usivipe A+B, vinachelewa kuitika kwa sababu vinasubiri kufika umbali fulani. Kama pedi yako ina hivyo, A+B ikae kwenye kushoto cha kwanza na C+D ndiyo ishuke kwenye kichocheo, maana hiyo huitumii kila mara.

Halafu mhakikishe wote wawili mmepanga sawa kabla ya kuanza kuelekezana, la sivyo mmoja atasema "bofya juu kulia" na mwingine atajikuta anatoa T.O.P. hewani.

---

kinga_nyuma

Na ukishapanga, danganya toto ifanye baada ya 2C, siyo hewani. Bofya 2C, subiri uone limegonga, ndipo 2 na kitufe cha A+C. Ukiviharakisha pamoja gemu inasoma kama umebofya A mapema na 2C inakatika kuwa ngumi ndogo.